Laurean Rwegoshora, Mpiga Mbizi, na Ndoo ya Pili

Jambo lililo katikati ya historia hii, Stellamaris, mtoto wa pili wa marehemu na ndiye aliyeiandika, alilisikia kwa mara ya kwanza jana Jumanne alasiri, kutoka kwa Ambokile Mwakalinga, aliyekuwa mshika kamba wa marehemu kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote, ingawa watu wanne walilijua na mmoja wao ndiye tunayemzika leo. Anayesoma ni Projestus, kaka yake, kwa kuwa mwandishi akisimama mbele ya watu zaidi ya watano sauti humkimbia, na marehemu alizoea kumtania kwamba ana sauti ya kuongea na vifaranga. Maneno yameachwa kama alivyoyaandika, na pale anapotajwa yeye mwenyewe, anatajwa kama wengine wanavyotajwa.

Marehemu Laurean Rwegoshora alizaliwa tarehe 10 Machi 1968 huko Kemondo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Theonest na Mama Paskazia, ambao wote wamekwisha kututangulia. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1976 hadi mwaka 1982, na kwa maneno yake mwenyewe alitoka shuleni na vitu viwili tu, cha kwanza kikiwa tahajia, kwa kuwa mwalimu wao wa Kiswahili alichapa fimbo moja kwa kila herufi iliyoachwa, na cha pili kikiwa pumzi, kwa kuwa akina mama waliokuwa wakioshea vyombo ziwani walipoponyokwa na sahani au sufuria walimwita yeye azamie kuvifuata, na ujira wake ulikuwa ndizi moja ya kuchoma. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomlea yeye, na baadaye vikatulea sisi.

Mwaka 1989 alikuja Kibaha kwa baba yake mdogo, karani wa serikali aliyekuwa amejenga Mkuza, na mwaka uliofuata akapata kibarua Ruvu, kwenye mitambo ya maji yanayokwenda mjini, kazi yake ikiwa kuondoa magugu na magogo yanayoziba mdomo wa bomba mtoni. Siku moja ya mwaka 1992 spana kubwa ya fundi ilitumbukia mtoni, fundi akashika kichwa, na Laurean, ambaye hata jina lake lilikuwa halijulikani pale, alivua shati, akawaomba wenzake wapige makofi ili viboko wasogee, akazama, akakaa chini hadi watu wakaanza kumtaja kama marehemu, kisha akatoka na spana mkono mmoja na kambare mkono wa pili. Fundi alichukua spana, kambare akaliwa mchana huohuo, na tangu siku hiyo akaitwa Kambare. Habari za Kambare zilifika Dar es Salaam, na mwaka 1996 kampuni moja ya wapiga mbizi ilimchukua, ikamfundisha kutumia mtungi wa hewa, ikamfundisha na jedwali, yaani karatasi ngumu yenye safu za mita na dakika, inayomwambia mpiga mbizi akikaa kina fulani kwa muda fulani basi anapopanda asimame wapi na kwa dakika ngapi, ili hewa iliyopenya mwilini mwake kule chini ipate kutoka polepole kwa njia ya mapafu.

Katika pilikapilika za Ruvu ndiko alikomwona Evaline Kitwana, binti wa Kisarawe, aliyekuwa akiwapikia chakula mafundi. Familia inaomba lisomwe hapa lililotokea siku ya posa, kwa sababu marehemu hakuwahi kuchoka kulisimulia. Mshenga alipoulizwa na Mzee Kitwana, "Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?" alijibu kwa fahari, "Ni mzamiaji, mzee," na Mzee Kitwana akaweka kikombe chini, akasema, "Mzamiaji wa meli ipi? Mimi binti yangu simtoi kwa mtu wa kujificha kwenye makontena," na shangazi mmoja akadakia kutoka ndani, "Au anazamia harusi? Basi msihangaike, tutamwona tu siku ya pilau." Mshenga alirudi Mkuza amenywea, ikabidi Laurean aende Kisarawe mwenyewe kwa baiskeli, na baada ya shikamoo akaomba aoneshwe kisima cha nyumbani, ambacho ndoo yake ya chuma ilikuwa imezama tangu mwaka uliotangulia, akaiopoa, akaiweka mbele ya Mzee Kitwana na maji yakimchuruzika, akasema, "Mzee, mimi ni mzamiaji wa namna hii." Walifunga ndoa takatifu tarehe 22 Novemba 1997 hukohuko Kisarawe, na tangu hapo akasisitiza aitwe mpiga mbizi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Projestus aliyezaliwa mwaka 1998, Stellamaris aliyezaliwa tarehe 4 Mei 2000, na Kokubelwa aliyezaliwa mwaka 2006. Kila uzazi, Evaline alirudi Kisarawe kwa mama yake kukandwa, na kila mara marehemu alipokwenda kuwaona alimkuta mama mkwe ameshika kitambaa, sufuria inatoa mvuke, mzazi anagumia kwa maji ya moto, na bibi anasema, "Baridi ikiingia mwilini haina mkataba, itoe ingali mbichi." Evaline aliamini hivyo, marehemu naye akaamini hivyo, na hakuna mtu katika familia hii aliyelelewa kuamini vinginevyo. Tunaomba wasikilizaji walishike neno hilo.

Mwaka 1999 kampuni ilimwajiri Ambokile, kijana wa Tukuyu, awe mshika kamba wake, yaani mtu anayebaki juu ameshika kamba iliyofungwa kwa aliye chini, wakisemezana kwa kuvuta, mvuto mmoja nipo salama, mitatu nipandishe. Wawili hao walifanya kazi kwenye bandari, mito na mabwawa, na Ambokile akawa mtu wa nyumbani Mkuza, watoto wakimwita baba mdogo, na yeye akimwita Evaline shemeji na kumdai ndizi nyama kila anapofika.

Mwezi Juni mwaka 2013 kampuni ilipata kazi kwenye bwawa moja la kufua umeme huko nyanda za juu kusini, kufungua lango la chini lililokwama kwa magogo, na kwa kuwa kambi ilihitaji mpishi, Evaline alikwenda, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alimchukua Stellamaris, aliyekuwa darasa la saba. Mwezi Juni kule si mwezi wa mchezo, asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu, na maji ya bwawa lile, hata juu, yalikuwa yakiuma vidole kama kuchomwa sindano. Laurean alikuwa amezoea maji ya Ruvu na ya pwani, ambayo ni kama chai iliyosahaulika mezani.

Tarehe 26 Juni 2013, siku ya Jumatano, alizama mara moja tu. Kabla ya kushuka alikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akavaa vazi la mpira juu ya sweta, na kule chini, mita thelathini na sita, alifanya kazi nzito ya mtaimbo kwa dakika ishirini na tano, mwili ukachemka kwa kazi, damu ikakimbia, na damu inayokimbia hubeba hewa nyingi na kuipeleka kila kona ya nyama. Alipoanza kupanda alisimama kwenye vituo vyake vyote kama jedwali lilivyosema, hakuiba hata dakika moja, na hili Ambokile anaapa kwa kuwa saa ilikuwa mkononi mwake. Lakini kwenye vituo mtu hana kazi, anashika kamba na kungoja, na vazi lake lilikuwa limechanika kwapani kwa msumari wa gogo, maji yakawa yanaingia na kutoka, na kwa zaidi ya nusu saa alining'inia pale akitetemeka, mishipa ya mikono na miguu ikijibana kwa baridi, na hewa ile aliyoibeba akiwa na joto ikakosa njia ya kutokea. Jedwali lilihesabu mita, likahesabu dakika, halikuwa na safu ya baridi.

Alitoka midomo myeusi, meno yanagongana, lakini anacheka, na Ambokile akapiga kelele kuelekea jikoni, "Shemeji, maji! Jamaa yako amekuwa samaki wa friji!" Evaline alikuwa ameshayabandika tangu zamani, akayatia kwenye ndoo, akampa Stellamaris, na Stellamaris akaipeleka kwa mikono miwili hadi nyuma ya turubai alipokuwa ameketishwa baba yake, naye akamwambia, "Mimina, mwanangu, usiogope, mgongo wa baba ni wa bati." Akamimina. Evaline akashika kitambaa, akamkanda mabega. Haikupita robo saa Laurean akasema ngozi inamwasha, kisha bega la kulia likaanza kumuuma kama linang'olewa, na kwa watu waliokuwa pale, wote wakiwa wametoka kwenye nyumba za kukandwa, maumivu ya kiungo kilichopoa yalikuwa na dawa moja inayojulikana, kwa hiyo Evaline akasema, "Stela, kimbia, leta nyingine, iwe ya moto zaidi."

Stellamaris alileta ndoo ya pili. Kabla haijafika nusu, Laurean alisema, "Evaline, miguu yangu iko wapi?"

Alibebwa kwa gari la kampuni hadi zahanati, kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi mahali penye chumba cha chuma ambacho mgonjwa wa namna hiyo hufungiwa na kushindiliwa hewa kana kwamba yuko tena chini ya maji, kisha huachiwa polepole, lakini barabara ilikuwa ndefu, na alifika siku ya tatu. Mikono ilirudi, ingawa wa kulia ulibaki ukitetemeka akishika kalamu, haja ndogo ikawa kwa mpira, na miguu haikurudi. Alirejea Mkuza tarehe 30 Agosti 2013 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, siku chache kabla Stellamaris hajafanya mtihani wa darasa la saba, na alipofaulu na kuchaguliwa kidato cha kwanza, mama alikuwa ameanza kuamka kukaanga mandazi ya kupeleka maofisini, Projestus yuko bweni, Kokubelwa ni mdogo, na mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, basi Stellamaris akabaki nyumbani. Halikuwa jambo la kuamuliwa na mtu, lilitokea tu kama maji yanavyofuata mteremko, lakini marehemu hakulizoea, na kwa miaka miwili jioni kila siku alimpa imla kutoka kwenye daftari lake la kazi, akimsahihisha kwa kalamu nyekundu, na alipokosa herufi moja alimwandikisha neno lote mara kumi, akisema, "Neno lenye herufi pungufu ni mtu aliyekatwa kidole, anaishi lakini wewe unajua." Mkono wake ulipochoka kabisa, Stellamaris akawa ndiye anayeliandika daftari lile na yeye akitaja.

Kwa maana Laurean hakuacha kazi, ila aliacha maji. Ambokile alianza kumletea vijana wapya wa kazi, wawili au watatu kwa mwezi, wakaketi barazani Mkuza, naye akawafundisha kwa chupa mbili za soda. Moja ilitoka kwenye friji la dukani kwa Maulida, nyingine iliachwa juani tangu asubuhi. Aliifungua ya baridi taratibu, ikatoa pumzi kidogo na kutulia, kisha akaifungua ya juani, ikafoka hadi kwenye suruali za wageni, na vijana wakicheka aliwauliza, "Mmeona? Kiwanda kimetia gesi ileile. Kilichobadilika ni nini?" Akawaambia kwamba kimiminika kilichopoa huificha gesi na kilichopata moto huitapika, na kwamba mwili wa mpiga mbizi ni chupa hiyo, na akawapa kanuni aliyoitunga mwenyewe, ambayo vijana waliopo hapa leo wanaijua kwa moyo: "Chini usitafute joto, juu usikubali baridi." Maana yake, ukishuka umevaa na kunywa moto kupita kiasi unabeba hewa nyingi, na ukingojea kwenye vituo umepoa huwezi kuitua, hivyo afadhali joto lako ulitunzie safari ya kurudi, na siku ya baridi usome jedwali kana kwamba umekaa chini muda mrefu zaidi ya uliokaa.

Kulikuwa na sehemu ya tatu ya somo lile, na hiyo Stellamaris hakuwahi kuisikia. Kila walipoikaribia, marehemu alimwita, "Stela, hebu kimbia kwa Maulida, tununulie kiberiti." Aende, arudi, wageni wameshafika kwenye habari nyingine. Maulida mwenye duka, ambaye yuko hapa nasi, alikuwa akimuuliza, "Nyie kwenu mnakula viberiti? Au mzee anataka kuunguza Kibaha?" na Stellamaris alicheka tu na kurudi navyo. Nyumba yetu haikuwahi kukosa kiberiti kwa miaka kumi na miwili.

Na kila asubuhi kwa miaka hiyohiyo, isipokuwa siku chache za uzazi wake mwenyewe, Stellamaris ndiye aliyempashia maji ya kuoga, na marehemu hakukubali yamguse kabla hajauliza, "Umepima?" akimtaka apime kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga, yawe vuguvugu tu. Stellamaris alijua sababu, ni kwamba miguu isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua, na daktari alisema hivyo, na ni kweli. Hakujua kwamba sababu zilikuwa mbili.

Stellamaris alipoolewa na Yassin, fundi seremala wa hapahapa Mkuza, aliomba wapange chumba hatua chache kutoka nyumbani ili asubuhi zisikatike, na alipojifungua mwezi Desemba mwaka jana, mama alitaka kumkanda kama desturi, marehemu akaita kutoka chumbani kwake, "Mkande, mama Projestus, mkande vizuri, huyo hajatoka bwawani," na wanawake wakacheka bila kuelewa, na mama hakucheka.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alianza kupata homa za mara kwa mara, ikaonekana ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo, jambo linalowapata wengi wanaotumia mpira kwa muda mrefu. Alitibiwa hospitali ya Tumbi, akalazwa mara tatu, akarudi mara mbili, na siku ya Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, saa nne asubuhi, kengele za misa ya pili zikiwa zinalia, alimtaka Stellamaris amfute uso, akauliza kama kawaida yake, "Umepima?" akajibiwa "Ndiyo, baba," akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Jana alasiri Ambokile aliwasili kutoka Tukuyu, na Stellamaris, aliyekuwa amekaa nyuma ya nyumba na daftari, mtoto mgongoni, alimsogelea kumwuliza tarehe, mita na dakika, kwa sababu hakutaka kukosea. Ambokile akamtajia zote bila kutazama popote, kisha akasema, "Na maji umeandika?"

"Maji gani, baba mdogo?"

"Yale ya moto. Zile ndoo mbili. Kwamba mtu aliyetoka kwenye baridi kali na hewa ingalimo mwilini, ukimpasha ghafla kwa nje, nyama inapata moto kabla damu haijafungua njia zake, na ile hewa inafoka humohumo ndani, kama ile soda ya juani. Si ndilo somo lake la tatu, mwanangu? Si unalijua?" Ndipo akamtazama usoni, akaona kwamba halijui, akavua kofia, akasema, "Mungu wangu. Nilidhani alikwisha kukuambia mwenyewe. Kumbe ndiyo maana alikutuma dukani kila mara."

Stellamaris alifunga daftari. Aliingia ndani, akafungua kabati la jikoni, lile la chini, akakuta kopo la maziwa la lita mbili limejaa viberiti ambavyo havijafunguliwa, na nyuma yake kopo lingine. Akaketi chini. Mama alipomkuta pale alijua, akakaa chini naye kwenye saruji, akamwambia kwamba daktari aliwaeleza yeye na baba yake tangu Agosti 2013, kwamba pengine baridi ya vituoni peke yake ingetosha kumlemaza, pengine isingetosha, na kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kugawa na kusema hili fungu la baridi na hili fungu la ndoo. Baba alimwambia daktari maneno haya, "Maji yale mimi ndiye niliyesema yamiminwe, mke wangu aliyachemsha na mtoto wangu aliyabeba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya, kwa hiyo atakayemwambia mtoto asije kwangu tena." Ambokile naye alikuwepo, akaapa.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Stellamaris aliuliza.

"Kwa sababu ile ndoo ya pili ni mimi niliyesema iwe ya moto zaidi," mama alijibu. "Ningekuambiaje yako nisikuambie yangu?"

Stellamaris alisema historia ataiandika, lakini maji hatayaweka, iandikwe tu kwamba alipata ajali kazini. Hapo nje mzee wetu Saburi, jirani mwema ambaye haogopi kusema anachowaza, alikuwa akiwaambia waombolezaji kwamba mabwawa yale yana wenyewe, na kwamba Laurean alizama bila kuomba ruhusa, ndiyo maana alichukuliwa miguu, na vijana watatu wapya wa kazi, waliokuja na Ambokile na ambao kesho kutwa wanakwenda kuzama kwenye bwawa lingine la baridi, walikuwa wakimsikiliza kwa makini, mmoja akiuliza kuku wa tambiko huwa wa rangi gani. Mama alisikiliza hayo dirishani, akasema, "Unasikia? Usipoandika wewe, imeshaandikwa hiyo." Kisha akasema tena, "Na baba yako neno lililokosa herufi alikuwa hapendi."

Kwa hiyo limeandikwa lote. Familia inamshukuru Mzee Saburi kwa mapenzi yake, na inamwomba apokee kwamba bwawa halikuwa na kisasi, lilikuwa na baridi. Inawaomba vijana wa kazi, mwenzenu akitoka kwenye maji ya baridi, mvueni vya majimaji, mvikeni vikavu, mfunikeni blanketi, mpeni cha vuguvugu anywe, apate joto polepole kutoka ndani, na akisema kiungo kinauma msikikande, mwahisheni kwa daktari wa wapiga mbizi. Na inaomba kwamba yeyote atakayetoka hapa akiitaja ndoo ya pili, ayataje na mapenzi yaliyoijaza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tumbi, hasa waliokuwa wakimpigia simu nyumbani kumwuliza kama amekunywa maji, wafanyakazi wenzake waliomtembelea kwa miaka kumi na miwili kana kwamba bado yuko kazini, majirani wa Mkuza walioinua kiti chake kuvuka mitaro kila masika, jumuiya ndogondogo, wakwe zetu wa Kisarawe waliokuja na muhogo na kuni, Yassin aliyelichonga jeneza hili kwa mikono yake, na Maulida, ambaye sasa anajua viberiti vilikwenda wapi.

Liandikwe na la asubuhi ya leo, ndilo la mwisho. Kabla wanaume hawajaondoka kwenda chumba cha maiti kumwogesha marehemu, Stellamaris, ambaye usiku alikuwa amesema hatashika ndoo tena maishani mwake, alifungua kopo, akatoa kiberiti kimoja, akawasha jiko lake mwenyewe kando na majiko ya msiba, akabandika maji, akayachanganya na ya baridi. Wanawake walimwambia kule kuna bomba, na kwamba aliyelala hahisi, naye hakubishana, alikunja mkono wa gauni, akaingiza kiwiko, akangoja, akaongeza kata moja ya baridi, akaingiza tena. Kisha akaibeba ndoo kwa mikono miwili hadi kwenye gari, akampa Ambokile, akamwambia mbele ya watu wote waliokuwa uani, na wote walisikia, "Yapeleke, baba mdogo. Nimepima."

Pumzika kwa amani, baba, maji yamepimwa.